Kifurushi kutoka kwa mwandishi utakayekuwa: mwongozo kamili wa kukiandaa, kukituma na kukipokea

Wengi walioniomba mwongozo huu walishajaribu wenyewe. Walijiandikia barua ya kujitia moyo, wakaifunga, wakaiweka kabatini. Walipoifungua baada ya miezi kadhaa iliwagusa sana, lakini mswada ulibaki palepale, sura ya pili.

Wazo lenyewe halina kasoro. Kupokea mzigo kutoka kwa mwandishi utakayekuwa, yaani bahasha unayoiandaa leo kana kwamba imetumwa na wewe uliyekwisha kumaliza kitabu, kisha ukaipokea ukiwa katikati ya kazi, ni jambo linalosaidia kweli. Kasoro iko ndani ya bahasha: watu hujaza sifa na dua mahali palipopaswa kuwa na kazi. Mtu aliyekwisha kumaliza kitabu hana sababu ya kukupongeza kabla hujaandika. Ana sababu ya kukupa vitu alivyotumia kukimaliza: saa zake, hesabu yake, njia aliyopita pale alipokwama. Hivyo ndivyo tutakavyovitia kwenye kifurushi.

Nimeandika kwa kuwafikiria walioko Arusha na Moshi, kwa sababu mvua, sikukuu na njia za kutuma mizigo za huku zina sehemu yake katika mpango huu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kaunta buku moja mpya, ya kurekodi maneno unayoandika kila siku
- Sura ya kwanza ya mswada wako, iliyochapwa au fotokopi yake kama unaandika kwa mkono
- Karatasi nyeupe za A4, kumi na tano hivi
- Bahasha ndogo nne
- Bahasha ngumu ya kaki ya A4
- Faili la plastiki la kufunga, linaloingia ndani ya bahasha hiyo ya kaki
- Selotepu pana na kalamu ya maka
- Kalenda inayoonyesha sikukuu
- Sanduku la posta la kupokelea: lako, la kazini, la shule au la kanisa, mradi umeruhusiwa kulitumia
- Mtu mmoja wa kukutunzia mzigo

Vifaa vyote hivi utavipata steshenari yoyote ya mjini kwa gharama ndogo. Kilicho kigumu kupatikana ni viwili: sura ya kwanza na huyo mtu. Mtu tutamjadili katika hatua ya 8. Kuhusu sura, ninasisitiza: kama hujaandika hata sura moja, simama hapa, iandike kwanza. Bila hiyo hujui bado ni kitabu gani mwandishi wa kesho atakuwa amekimaliza, na kila utakachokiandika kwa jina lake kitakuwa cha kubuni tupu.

## Hatua ya 1: Weka tarehe mbili

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kifurushi kina tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kupokelewa, na hizo si moja.

Tarehe ya kuandikwa ni siku ambayo mwandishi utakayekuwa atakuwa amemaliza kitabu. Tarehe ya kupokelewa ni siku wewe, ukiwa bado katikati ya kazi, unapokabidhiwa mzigo. Ukikipokea siku umemaliza, hakina kazi tena. Ukikipokea wiki ya pili, bado una moto wako mwenyewe na hukihitaji.

Kipokee katikati. Mwanzo wa kitabu husukumwa na hamu. Mwisho huvutwa na kuuona ukingo. Katikati hakuna cha kukusukuma wala cha kukuvuta, na huko ndiko miswada inakofia.

Piga hesabu hivi. Tuseme lengo ni riwaya ya maneno 40,000. Ukiandika maneno 250 kwa siku, siku 5 kwa wiki, unapata 1,250 kwa wiki. Gawanya: wiki 32 za rasimu ya kwanza. Ongeza wiki 10 za kuipumzisha na kuisahihisha. Ukianza Jumatatu tarehe 1 Februari 2027, rasimu itakamilika katikati ya Septemba, na kitabu kitakuwa tayari karibu na tarehe 22 Novemba 2027. Hiyo ndiyo tarehe ya kuandika juu ya barua.

Tarehe ya kupokea iwe mwisho wa wiki ya 12, ambapo unapaswa kuwa na maneno 15,000. Kwa mfano wetu inaangukia Jumatatu tarehe 26 Aprili 2027. Sasa tazama kalenda: tarehe 26 Aprili ni Sikukuu ya Muungano, posta hazifunguliwi. Weka Jumanne tarehe 27. Ni jambo dogo, lakini ukilipuuza utazunguka mji mzima siku ya mvua na kurudi mikono mitupu.

Onyo. Usipange kazi yoyote ya maana kati ya wiki ya pili ya Desemba na mwaka mpya, hasa kama una asili ya Uchagani au umeoa au kuolewa huko. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, nyumba inajaa, kuna vikao vya ukoo, kuna ubarikio na harusi. Hakuna atakayekuachia meza. Mpango ukikupeleka huko, anza mapema zaidi au punguza urefu wa kitabu.

Utajua umefaulu ukiwa na mistari mitatu kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku: siku ya kuanza, siku ya kupokea, siku ya kumaliza. Karibu na kila moja, idadi ya maneno unayotegemea kuwa nayo.

## Hatua ya 2: Mhoji mwandishi utakayekuwa

Kabla ya kuandika barua, kaa na karatasi mbili umhoji mtu huyu. Amemaliza kitabu. Unataka kujua alifanyaje.

Muulize: Alikuwa akiandika saa ngapi hadi saa ngapi? Wapi hasa, kwenye meza ipi? Aliacha nini ili apate muda huo? Nani pale nyumbani alijua, na walikubaliana nini? Umeme ulipokatika alifanya nini? Alikwama sehemu gani ya hadithi? Nani alisoma rasimu kwanza?

Majibu yawe ya vitu vinavyoonekana kwa macho. "Alikuwa na nidhamu" si jibu, lifute. "Aliandika saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na robo alfajiri, kwenye meza ya jikoni, kwa kalamu, akachapa Jumamosi" ni jibu. Aliyesema "alitafuta mahali patulivu" hajasema kitu. Aliyesema "Jumamosi asubuhi alikwenda maktaba ya mkoa, simu akaiacha nyumbani" amesema, na kesho yake unaweza kumfuata, kwa kuwa Arusha na Moshi zote zina maktaba ya mkoa.

Swali la kukwama ndilo linalowashinda watu. Utajuaje leo utakapokwama Aprili? Fungua muhtasari wa hadithi yako utafute tukio ulilolipitia kwa maneno machache kuliko mengine. "Halafu wanagombana." "Baadaye anamsamehe." Pale palipoandikwa kwa haraka ndipo usipopajua, na usipopajua ndipo utakaposimama. Pigia mstari.

Onyo. Usimpe mwandishi huyo mambo yasiyo mikononi mwako. Kwamba ameshinda tuzo, kwamba mchapishaji amemkubali, kwamba amejenga Njiro: ondoa yote. Alimaliza, alisahihisha, alituma. Haya matatu unayaweza wewe mwenyewe bila ridhaa ya mtu mwingine.

## Hatua ya 3: Andika barua ya ukurasa mmoja

Iandike kwa mkono. Mwandiko wako utakapourudia baada ya miezi mitatu utakuaminisha kuliko karatasi iliyochapwa. Tumia wakati uliopita kote: nilifanya, nilikwama, niliacha. Ukijikuta unaandika "utafanya" au "jitahidi", umerudi kwenye mahubiri.

Mwandishi utakayekuwa ni mkubwa wako, basi aseme nawe kama mkubwa. Huu hapa mfano wa mwalimu wa Moshi anayeandika riwaya kuhusu mjukuu anayerudi nyumbani na kukuta kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kimeuzwa:

> Moshi, 22 Novemba 2027
>
> Mdogo wangu,
>
> Kifurushi hiki kikikufikia masika yatakuwa yamekolea na utakuwa umeshaanza kusema hadithi hii haina maana. Nami nilisema hivyo. Nilifika pale mjukuu anapokabiliana na baba yake mdogo, nikawa sijui mzee atamjibu nini. Nilikaa zaidi ya wiki bila kuandika neno. Mwishowe nililiruka tukio lile, nikaandika la mazishi ambalo nilikuwa nalijua, na kwenye mazishi ndipo mzee alipojibu. Nawe ruka.
>
> Niliandika alfajiri tu. Jioni nilijaribu, haikuwezekana. Ukishasahihisha madaftari ya darasa zima akili imechoka. Niliacha tamthilia ya saa tatu usiku ili niwahi kulala. Iliniuma, na bado sijazoea.
>
> Kitabu kimefika maneno 41,300. Aliyesoma kwanza ni shangazi. Alisema wazee wangu wanazungumza kama watangazaji wa redio, si kama watu wa Kibosho. Niliandika mazungumzo yao upya yote. Mpe mapema kuliko nilivyompa mimi.
>
> Kabla hujafungua kingine chochote, chukua kaunta buku utazame hesabu ya maneno uliyoiandika. Kisha chukua bahasha inayokuhusu.
>
> Dada yako

Soma tena uone barua hii imebeba nini. Imetaja mahali pa kukwama. Imetoa njia moja ya kutoka, moja tu. Imetaja gharama bila kuificha, maana anayeambiwa kwamba haitamgharimu chochote hushtuka gharama ikifika, na akishashtuka huacha. Imemtaja msomaji wa kwanza. Na imemaliza kwa kumpa msomaji kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Utajua umefaulu ukiweza kupiga mstari chini ya mambo matano ambayo mtu mwingine angeweza kuyahakiki: saa, mahali, idadi, mtu, tukio. Yakiwa pungufu ya matano, rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Andika maneno ya jalada la nyuma

Mwandishi utakayekuwa anashika kitabu mkononi, kwa hiyo anaweza kukugeuzia nyuma ukasome. Maneno 120 hadi 150.

Kazi hii inaonekana rahisi na ndiyo inayotoa jasho kuliko zote. Jalada la nyuma halikubali ukungu: lazima ujue nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, na atapoteza nini akishindwa. Waandishi wengi hugundua hapa kwamba wana mazingira mazuri na wahusika wazuri lakini hakuna anayetaka kitu.

Mwanzo wa mfano wetu unaweza kuwa hivi:

> Amekuja kumzika babu. Amekuta ua wa masale umeng'olewa na mtu asiyemjua anapima kiwanja. Baba mdogo anasema babu mwenyewe ndiye aliyeuza. Bibi hasemi kitu. Ana siku nne kabla likizo yake haijaisha, na kwenye ukoo huu mwanamke haulizwi habari za ardhi.

Hapo kuna anayetaka, kuna anayezuia, kuna muda unaokwisha. Na asiyefika Uchagani anaelewa jambo kubwa limetokea, hata kama hajui kwamba masale ndiyo yanayoonyesha mpaka wa kihamba.

Ukimaliza, msomee mtu asiyeijua hadithi. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia ni nzuri. Nyamaza uone. Akiuliza "sasa bibi alijua?" umepata. Akisema "hongera, endelea hivyohivyo", andika upya.

## Hatua ya 5: Andika ukurasa wa mwisho wa kitabu

Ukurasa mmoja, mistari yote, kama vile umeshafika. Hautakuwa ukurasa wa mwisho wa kweli; karibu kila mara hubadilika. Lakini mtu aliyekwama katikati akiupata anakuwa na mahali pa kuelekea, na hata akiukataa atakuwa ameamua kitu kuhusu hadithi yake. Usitumie zaidi ya saa moja kuuandika.

## Hatua ya 6: Tayarisha bahasha nne ndogo

Bahasha hizi zinafunguliwa kwa hesabu ya maneno. Wengi huandika juu "fungua ukikata tamaa". Jambo hilo halifai, kwa sababu kukata tamaa kunaweza kukupata asubuhi na kukuacha mchana, na utajikuta umefungua bahasha zote siku moja. Idadi ya maneno haibabaishi.

Bahasha A: chini ya maneno 5,000. Ndani weka mpango mdogo zaidi: maneno 100 kwa siku kwa wiki mbili, tukio moja tu, ulilolitaja kwa jina. Weka na swali: saa ulizopanga zimechukuliwa na nini? Acha nafasi ya jibu. Usitie neno hata moja la lawama. Aliyefungua bahasha hii ameshajilaumu vya kutosha.

Bahasha B: maneno 5,000 hadi 12,000. Weka orodha ya matukio matano unayoyajua vizuri na ambayo hayahitaji yaliyotangulia yawe yameandikwa. Yaandikwe kwa mpangilio wowote. Hii ndiyo bahasha itakayofunguliwa na watu wengi, kwa hiyo iandae kwa makini kuliko zote. Kila tukio lipe sentensi tatu: yupo nani, wanataka nini, linaishaje.

Bahasha C: zaidi ya 12,000. Mtu huyu anaendelea vizuri, na hatari yake ni kurudi nyuma kusahihisha. Mwandikie asiguse sura ya kwanza hadi rasimu iishe. Mpe jina la msomaji wa kwanza na tarehe ya kumkabidhi kurasa ishirini.

Bahasha D: rasimu imekamilika. Hii haifunguliwi siku ya kupokea. Andika hivyo juu yake kwa maka. Yaliyomo nitayaeleza mwishoni.

## Hatua ya 7: Panga na ufunge

Panga kutoka juu kwenda chini: barua, bahasha A, B, C, jalada la nyuma, ukurasa wa mwisho, sura ya kwanza, na D chini kabisa. Sura ya kwanza inawekwa kama kipimo. Ukiisoma miezi mitatu baadaye utaona kwa macho yako sentensi ambazo leo usingeziandika, na huo ni ushahidi ambao hakuna mtu anayeweza kukupa kwa mdomo.

Piga picha kila ukurasa na simu kabla ya kufunga, kisha zitume kwenye barua pepe yako bila kuzifungua tena. Mzigo ukipotea, kazi haijapotea.

Tia kila kitu kwenye faili la plastiki, funga, ndipo uingize kwenye bahasha ya kaki. Kama tarehe yako ni ya masika, kati ya Machi na Mei, usiruke hili. Pitisha selotepu kwenye mdomo wote wa bahasha. Juu andika jina lako, sanduku la posta, namba ya simu, na tarehe ya kutumwa.

Usitie fedha ndani. Kama umetenga pesa za kuchapa nakala, ziweke benki au kwenye simu, na uandike kiasi ndani ya bahasha D.

Kifurushi hiki si hakimiliki. Nalisema kwa sababu nimeulizwa mno. Kujitumia mswada kwa posta na kuuacha umefungwa hakuchukui nafasi ya usajili. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, na ukitaka ushahidi wa kuonyesha mbele ya sheria unaisajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

## Hatua ya 8: Mtunzaji na njia ya kutuma

Posta husafirisha mizigo. Haikutunzii mpaka siku unayoitaka. Ndiyo maana unahitaji mtu.

Asiwe mwenza wako wala mtu mnayelala nyumba moja. Mzigo ulio ndani ya nyumba hufunguliwa siku mbaya ya kwanza. Nashauri awe mji wa pili: uko Arusha, awe Moshi, uko Moshi, awe Arusha. Ni kama kilomita 80 tu, lakini zinatosha kukuzuia kwenda kuuchukua usiku umekosa usingizi. Tena mzigo uliosafiri, wenye mhuri na risiti, unaupokea kwa uzito tofauti na bahasha uliyoitoa chini ya godoro.

Chagua mtu mzima anayeshika tarehe, na asiyekuwa na shauku ya kusoma. Mtumie ujumbe ulio wazi, autunze:

> Shikamoo mama mdogo. Naomba unitunzie bahasha hii, isifunguliwe. Jumanne tarehe 20 Aprili 2027 naomba uipeleke posta pale karibu na mnara wa saa, uitume kwa rejista kwenye sanduku lililoandikwa juu. Gharama na nauli nimekutumia leo. Nikikuomba kabla ya siku hiyo, tafadhali nikatalie. Nashukuru sana, mama.

Zingatia: gharama inatangulia, kwa heshima yake na kwa usalama wa mpango. Na kuna ile sentensi ya kukataliwa, ambayo itakuokoa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni rejista ya posta: mtumaji anapewa risiti yenye namba, nawe unasaini ukichukua. Posta kuu za Arusha na Moshi zote ziko jirani na mnara wa saa wa mji wake, hakuna wa kupotea. Ipe wiki moja kabla ya tarehe yako. Ya pili ni kupakia kwenye basi: mzigo unaandikishwa ofisi ya basi stendi, unalipiwa, na unafika siku ileile. Ukichagua basi, mtumaji akutumie picha ya risiti na namba ya gari, nawe uende na kitambulisho. Atume asubuhi, mzigo unaoingia stendi usiku huishia kulala ofisini.

Mimi napendelea rejista kwa sababu ya tarehe kuwa kwenye mhuri. Lakini kama huna sanduku la posta la uhakika, tumia basi.

## Hatua ya 9: Siku ya kupokea

Usifungue stendi wala kwenye daladala. Nenda nao nyumbani, au uketi mahali utakapokuwa peke yako kwa saa moja.

Kwanza hesabu maneno yako. Yaandike kwenye kaunta buku kwa kalamu, pamoja na tarehe. Ukisoma barua kabla ya kuhesabu utajaribiwa kuongeza na zile kurasa ulizofuta.

Pili, soma barua mara moja, taratibu. Ikikugusa, ikuguse.

Tatu, chukua bahasha moja inayolingana na hesabu. Moja tu. Zilizobaki zirudishe kwenye kaki bila kuzifungua.

Nne, siku hiyohiyo, kabla ya kulala, andika maneno 250. Kama bahasha yako ni A, andika 100. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kifurushi kilichofanya kazi na kilichokuliza tu. Jalada la nyuma, ukurasa wa mwisho na sura ya kwanza visomwe kesho yake.

Utajua umefaulu kama tarehe 28 asubuhi kaunta buku ina mstari mpya wenye idadi. Hakuna kipimo kingine cha siku hii.

## Hatua ya 10: Wiki mbili za kufuata

Fuata saa zilizotajwa kwenye barua, hata kama umeshajiwekea nyingine. Kila Jumapili jioni mtumie mtunzaji wako ujumbe wenye namba moja: maneno ya wiki. Hahitaji kujibu. Watu wengi huogopa jambo hili wakidhani wanamsumbua; mtu aliyekushikia mzigo miezi mitatu anataka kujua umefikia wapi.

Kama ndani ya wiki hizi umeona hadithi imebadilika kiasi kwamba jalada la nyuma si lake tena, andika jalada jipya siku hiyohiyo, la zamani libaki kama lilivyo. Kama mzigo ulichelewa, fungua picha ulizojitumia, uanze bila kuusubiri.

## Rasimu ikikamilika: yaliyomo kwenye bahasha D

Ndani yake uwe umeandika haya, kwa mpangilio huu.

Wiki mbili usiuguse mswada. Kisha usome wote kwa sauti, ukitia alama kila ulimi unapokwama. Sahihisha. Mpe msomaji wa kwanza, naye apewe tarehe ya kuurudisha.

Baada ya hapo kuna milango. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Kuna tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ambayo hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa. Zote hutoa masharti yake pamoja na tangazo la mwaka. Yasome leo, kabla hujaweka lengo la maneno katika hatua ya 1, kwa maana urefu unaotakiwa na nyanja zinazoshindaniwa vinaweza kubadilisha hesabu yako yote.

Ukiamua kuchapisha mwenyewe, namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ulizia utaratibu kwenye maktaba ya mkoa. Omba makadirio ya bei kwa wachapaji wasiopungua watatu, wote ukiwapa idadi moja ya kurasa, aina moja ya karatasi na idadi moja ya nakala, la sivyo hutaweza kulinganisha. Mpe mtu mwingine asome nakala ya majaribio kabla mashine haijawashwa.

Karatasi ya mwisho ndani ya D iwe tupu, na bahasha mpya ya kaki iliyokunjwa nyuma yake, yenye jina lako na sanduku lako la posta tayari. Barua itakayoingia humo utaiandika ukijua kweli ulikwama wapi. Mpigie mama mdogo umuulize kama atakubali kushika mwingine.